Makuli wa Lindi na Haki ya Kura

Vijana wasomao habari za TANU aghalabu hudhani kwamba siasa ilitufikia Lindi kwa nyaraka kutoka Dar es Salaam. Lakini nyumbani kwetu, ambako marehemu baba alikuwa kuli wa matishari, iliingia kwa njia ya kazi, kwani mazungumzo ya ujira yaliyoanza forodhani adhuhuri yaliishia barazani usiku kwa mazungumzo ya uhuru.

Wala halikuwa jambo la sadfa. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewaharamishia watumishi wake kujiunga na TANU, na wenye ghera wakapata stara katika vyama vya wafanyakazi. Ndivyo Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea katika jimbo letu la Kusini la wakati huo, alivyoiacha kazi ya serikali ili aliongoze shirikisho la vyama hivyo, TFL, lililoundwa mwaka 1955.

Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliporidhia kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, sharti la uandikishaji lilikuwa elimu, au cheo, au pato la pauni 150 kwa mwaka, nalo pato hilo lilikuwa mbali mno na makuli, na mbali zaidi na manamba wa mkonge wa Kikwetu, ambao hawakulipwa mpaka kipande kijae siku 30 za kazi. Baba alilipia kadi mbili, ya TANU na ya chama cha makuli, akahudhuria kila mkutano, na siku ya kura akaenda bandarini kama kawaida. Dhuluma ile ingali yaniuma.

Masharti yakalegezwa mwaka 1960, TANU ikatwaa viti 70 kati ya 71. Na mwaka 1962, Nyerere aliposhindana na Zuberi Mtemvu kuwania urais, kila mtu mzima aliruhusiwa, na baba akapiga kura.

Lakini mwaka ule ule, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria zilizobana mno haki ya kugoma. Na baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 viongozi kadha wa wafanyakazi wakatiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA badala yake, ambayo katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Hoja ya serikali naifahamu, kwamba wenye mishahara walikuwa wachache mbele ya wakulima wengi wa nchi maskini. Hata hivyo naamini kwamba waliokijenga chama tawala kwa senti zao walistahili kubakishiwa uwezo wa kukipinga.

Uchaguzi wa 1965 ulimkuta baba amerejea kwao Kilwa Kivinje. Akachagua baina ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa TANU ile ile. Ama wabunge waliopendekezwa na NUTA, hao walichaguliwa na Bunge, si na makuli.