King'amuzi cha nyumba yenye eda

Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Nyanda za Juu Kusini, king'amuzi huchaguliwa kwa mambo matatu: bei ya dukani, mpira, na maneno ya jirani. Anayekwenda Mwanjelwa hapa Mbeya, au katikati ya mji wa Iringa, atakuta maboksi ya Azam, DStv na StarTimes yamepangwa rafuni, na kila muuzaji ana sababu za kulisifia lake. Mara kadhaa, baada ya swala ya Ijumaa, waumini wametufuata sisi wa kamati ya msikiti kutuuliza kipi kilicho bora, nasi tumekuwa tukijibu kwa ufupi na kuendelea na shughuli. Kisha swali hilohilo likaingia nyumbani kwetu, likatulazimisha kulipima kwa mizani nyingine. Tunaliandika hapa kwa kuwa tunaamini familia nyingi zitalikuta mlangoni mwao.

Baba yetu, Allah amrehemu, alifariki mwishoni mwa mwezi wa Rajabu. Mama anaishi Iringa, mtaa wa Kihesa, pamoja na wajukuu wawili wa kiume wanaosoma sekondari. Sisi wengine tuko Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ipitayo Makambako na Mafinga. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, hivyo Ramadhani yote ingemkuta Mama ndani ya nyumba ile, bila mwenzake aliyezoea kufuturu naye. Marehemu alikuwa akisikiliza redio. Televisheni yao ya chogo ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa muda mrefu, na king'amuzi chake kilikwisha kuharibika. Dada yetu aliyekaa naye wiki za mwanzo alituambia kwamba nyumba imekuwa kimya kupita kiasi, na kwamba Mama ametamka jambo moja tu: angependa kuiona tarawehe ya Makkah, kwa kuwa yeye na Baba walikuwa na nia ya Hija ambayo haikutimia.

Jambo la kwanza tulilolifanya halikuwa kwenda dukani. Tulimuuliza sheikh wetu kama inafaa kumpelekea televisheni mwanamke aliye katika eda. Alitueleza kuwa mjane amekatazwa mapambo, manukato na kutoka nyumbani pasipo haja, na kwamba hukumu ya televisheni ndani ya eda ni ileile ya nje ya eda: huangaliwa kinachotazamwa. Alituonya pia kwamba, kwa kauli ya wanazuoni wengi, haisihi mtu kumfuata imamu kwa kupitia televisheni. Mama angeswali swala yake kwanza, kisha ndipo aangalie.

Tulipokutana kama ndugu kushauriana, kila mmoja alikuja na chapa yake. Kaka yetu mkubwa alitaka DStv yenye kifurushi kikubwa cha mpira. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Wajukuu wale wawili walikuwa wakitoka jioni kwenda vibanda umiza kutazama Ligi Kuu ya Uingereza, wakirejea baada ya Isha imekwisha swaliwa, na Mama hakuweza kuwafuata. Mpira ukiwa sebuleni, alisema, vijana watakuwa sebuleni. Dada yetu alipendelea Azam, ambayo ni ya hapa nyumbani, ina vipindi vingi vya Kiswahili, na ndiyo yenye Ligi Kuu ya Tanzania kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021. Shemeji yetu alisema StarTimes ya antena ingetosha, kwa kuwa haihitaji dishi wala fundi wa kupanda juu ya paa. Kwa kuwa kazi yetu msikitini ni ukatibu, tulichukua daftari tukaandika hoja zote, kama tunavyoandika za kikao cha kamati, ili tusije tukaamua kwa sauti iliyo kubwa kuliko nyingine.

Tulianza na mawimbi, kwa sababu huku kwetu milima ina neno lake. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, na baadaye Mbeya mwaka 2013, familia nyingi zilinunua ving'amuzi vya antena. Antena hupokea mawimbi kutoka mnara ulio ardhini. Kilima kikisimama katikati, picha hukatika. Aishiye nyuma ya mgongo wa Loleza au katika mabonde ya Iringa anaijua adha hiyo. Dishi hutazama juu. Setilaiti za matangazo hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 35,786, zikizunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi likishafungwa barabara halihitaji kugeuzwa. Ile inayotumiwa na DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa na utosi wetu. Ile ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, hivyo dishi lake huelekezwa magharibi. Mlima mdogo hauzuii yoyote kati ya hizo, lakini mparachichi uliokua upande wa magharibi wa nyumba waweza kuizuia ya pili. Mvua nayo isisahauliwe. Madishi madogo hutumia masafa ya Ku, ambayo mvua kubwa huyafifisha kwa urahisi kuliko masafa ya C ya madishi makubwa.

Likafuata suala la HD, neno lililoandikwa kwenye kila boksi. Kaka yetu alilishikilia kwa ajili ya macho ya Mama, ambayo yameanza kuchoka. Fundi mmoja wa Iringa alitufafanulia jambo ambalo wauzaji hawakulisema. Picha ya HD huhitaji vitu vitatu vikutane: chaneli yenyewe iwe inarushwa kwa HD, king'amuzi kiwe cha HD, na televisheni iwe na uwezo huo pamoja na tundu la waya wa HDMI. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080. Ukikiunga king'amuzi hicho kwenye televisheni ya chogo kwa nyaya zile tatu za njano, nyekundu na nyeupe, nukta nyingi hupotea njiani, nawe umelipia usichokiona. Aliongeza kuwa vipokezi vingi vya zamani vinavyouzwa mkononi kwa bei nafuu husoma mfumo wa MPEG-2 tu, ilhali chaneli za HD kwa kawaida hurushwa kwa MPEG-4. Kifaa huwaka vizuri, lakini chaneli haifunguki. Kwa maelezo hayo, kaka aliyekuwa na televisheni bapa nyumbani kwake Mbeya aliamua kuitoa kwa Mama, na bajeti ikapungua kwa kiasi kikubwa.

Jambo la tatu ni kufuli. King'amuzi cha kampuni moja hakifungui matangazo yaliyofungwa ya kampuni nyingine. Anayenunua chapa ananunua pia ndoa na kampuni hiyo, na orodha ya chaneli aliyoonyeshwa dukani haina ahadi ya milele. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza chaneli za nyumbani zisizolipiwa ziondolewe kwenye ving'amuzi ambavyo leseni zake zilikuwa za maudhui ya kulipia, na nyumba nyingi zikaamka taarifa ya habari waliyoizoea haipo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: ni zipi zitakazobaki siku nisipolipa?

Swali hilo ndilo lililotufikisha kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Bei ya boksi hulipwa mara moja, kifurushi hulipwa kila mwezi. Tulichukua malipo ya mwezi ya kila kifurushi tulichokitaja, tukayazidisha mara 12, na katika safu mbili jumla iliishinda bei ya king'amuzi, dishi na ufundi kwa pamoja. Kaka alisema atalipa yeye. Hatukuitilia shaka nia yake. Lakini yeye ni mtu wa magari ya mizigo ya Tunduma, na kipato chake hupanda na kushuka kama barabara yenyewe. Tukakubaliana kwamba, kabla ya kuamua, asomewe daftari mwenye nyumba.

Dada alimpigia Mama simu, akaweka sauti ya wazi ili sote tusikie. Alisomewa kila kitu: DStv na mpira wake, Azam na Kiswahili chake, antena na wepesi wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nimewasikia. Baba yenu hakuniachia deni. Msiniletee kitu ambacho itabidi niwaombe hela ya kukiwasha kila mwezi. Siku mkichelewa, nitakaa mbele ya kioo cheusi nikijiuliza kama mmekwama au mmenisahau."

Hakuna aliyejibu haraka. Katika safu zetu zote hatukuwa na safu ya hilo. Tulikuwa tumepima nukta za picha, nyuzi za setilaiti na gharama za mwaka, hatukupima uzito wa mwanamke aliyetunzwa na mumewe kwa miaka zaidi ya 40 kuanza, akiwa katika eda, kumpigia mwanawe simu kuomba kifurushi. Mtoto hukichukulia kitendo hicho kuwa chepesi, kwa kuwa yeye yuko upande wa kutoa.

Kwa hiyo tuliamua hivi. Mama alifungiwa kipokezi cha HD cha matangazo ya bure, kisicho na kadi wala mwezi, pamoja na dishi la wavu la futi sita, kwa kuwa idhaa za Saudi Arabia hurusha bila malipo matangazo ya moja kwa moja kutoka Misikiti Mitukufu ya Makkah na Madina. Kwa taarifa ya habari tuliongeza king'amuzi cha antena chenye chaneli za nyumbani zisizolipiwa. Dishi la futi sita si jambo dogo katika mji wenye upepo kama Iringa. Nguzo yake ilichimbiwa na kumiminiwa zege, na wavu ulichaguliwa ili upepo upite. Siku ya kufunga, kaka alisafiri kwenda kusimama na fundi, na Mama alibaki chumba cha ndani hadi kazi ilipokwisha. Wajukuu walifundishwa kuchomoa nyaya radi inapoanza kunguruma.

Ramadhani ilipoingia, saa zilitusaidia. Makkah na Tanzania hufuata saa moja, na katika mwezi huo Isha ya kule hucheleweshwa mpaka saa mbili baada ya Magharibi. Mama aliswali Isha yake na tarawehe yake chumbani, kisha akakaa sebuleni akiwaangalia wanaoswali mbele ya Kaaba, akizisoma herufi za Kiarabu zinazopita chini ya picha, bila kumwita mjukuu amsomee. Televisheni ya kaka ndiyo iliyofanya hivyo, na tunamwombea malipo mema.

Kuhusu vijana, hatutawaambia wasomaji kwamba yote yalinyooka. Mmoja alianza kukaa na bibi yake usiku, akamzoea msomaji mmoja wa Makkah hata akawa anaiga sauti yake bafuni. Mwingine alinung'unika wiki nzima, na mpaka leo huomba ruhusa kwenda kibandani siku za mechi kubwa. Anaruhusiwa baada ya Isha, akiongozana na mjomba wake. Hoja ya kaka bado ina uzito wake, na huenda siku moja nyumba ile ikawa na king'amuzi cha pili. Tumekubaliana tu kwamba siku hiyo mlipaji ataandikwa jina, na malipo yatakwenda moja kwa moja kwa kampuni bila kupita kwenye simu ya Mama.

Kwa ndugu zetu wanaotuuliza baada ya Ijumaa, sasa tunajibu kwa urefu kidogo. Anayependa mpira na ana mshahara wa uhakika hana kosa kulipia, mradi swala isiuzwe kwa mpira na mlango wa chaneli zisizofaa ufungwe kwa namba ya siri ya mzazi. Aliye bondeni aanze na dishi. Mwenye televisheni ya chogo asilipie HD. Na anayemnunulia mzazi, hasa mjane, aulize kabla ya yote nani atakayekuwa akikiwasha kifaa hicho mwezi wa saba, baada ya waombolezaji kurudi makwao na watoto kurudi kwenye shughuli zao. Kisha amuulize mzazi mwenyewe, na amwache amalize kusema.

Wallahu aalam.