Ionje chai kabla ya kutia sukari

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kazi huanza kabla jua halijachomoza juu ya mawe ya Mwanza. Wapo wanaopakua magunia ya dagaa, wapo wanaopatana bei, na pembeni yao akina mama wameshainjika sufuria za chai kwenye majiko ya mkaa. Kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi, chapati moja, na siku imeanza. Ndivyo ilivyo pia Igoma, Buhongwa, stendi ya Nyegezi na kwenye gati la kivuko cha Kamanga.

Jiji hili linakunywa chai nyingi lakini halilimi chai. Majani huja kutoka mbali: Mufindi, Njombe na Rungwe kule Nyanda za Juu Kusini, au milima ya Usambara, ambako Wajerumani waliijaribu chai kwanza katika bustani za Amani. Ng'ambo ya ziwa ipo Maruku, nje kidogo ya Bukoba. Ukiendelea kulizunguka ziwa hilohilo unakutana na chai ya Uganda, kisha ya Nandi na Kericho nchini Kenya. Kila pakiti inayofika kwenye duka la mtaani Mwanza imepita kwa watu wengi waliokwisha kuinusa na kuionja. Anayeinywa mwisho, yaani familia, mara nyingi ndiye asiyeionja kabisa, kwa sababu huitia sukari kabla haijafika mdomoni.

Siku hizi imeongezeka chai ya kijani. Ipo kwenye supamaketi za katikati ya jiji, na kwenye simu matangazo hayaishi: inayeyusha kitambi, inasafisha damu, ni siri ya Wajapani. Bei yake huwa juu ya bei ya majani ya kawaida. Mzazi anayeshika pakiti hiyo ana maswali mawili ya haki. Je, ni chai nzuri? Na je, itawafaa walio nyumbani?

Mti mmoja, chai mbili

Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka kwenye mmea mmoja. Tofauti ni kinachofanyika baada ya kuchuma. Kwa chai nyeusi, majani huachwa yanyauke, husagwa au kusokotwa, kisha huachwa yakutane na hewa hadi yageuke rangi ya kahawia ndipo yakaushwe. Kwa chai ya kijani, majani hupashwa moto mapema ili mabadiliko hayo yasitokee. Wachina wengi huyakaanga kwenye karai. Wajapani huyapitisha kwenye mvuke, na ndiyo maana chai yao hubaki na ukijani mkali na harufu ya majani mabichi.

Mbegu za chai zinasimuliwa kuletwa Japani kutoka China na mtawa Eisai mwaka 1191. Leo mikoa ya Shizuoka na Kagoshima ndiyo inayoongoza kwa mashamba, na mji wa Uji karibu na Kyoto una jina kubwa kwa chai ya daraja la juu. Chai ya kila siku huitwa sencha. Gyokuro hufunikwa kivuli kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchumwa. Matcha nayo hutokana na majani ya kivulini, yakasagwa kuwa unga, hivyo mnywaji humeza jani zima. Hojicha hukaangwa hadi ikawa ya kahawia, na bancha ni ya majani yaliyokomaa zaidi, ya bei nafuu.

Kivuli kina kazi yake. Jani la chai lina kitu kiitwacho theanini, kinacholeta utamu mzito mdomoni. Jua likilipiga jani sana, theanini hupungua na viambata vichungu huongezeka. Utamu huo mzito Wajapani huuita umami, jina alilolitoa mwanasayansi Kikunae Ikeda mwaka 1908. Mtu wa Mwanza anaufahamu bila kujua jina lake: ni ule unaobaki ulimini baada ya kunywa supu ya sato iliyochemshwa vizuri.

Wanavyoonja wenye kazi yao

Chai nyingi ya Afrika Mashariki huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Tanzania nayo ilianzisha mnada wake Dar es Salaam mwaka 2023. Kabla ya chai kupigwa bei, waonjaji huipanga kwenye meza ndefu: majani makavu, majani yaliyolowa, na kikombe cha chai yenyewe, sampuli baada ya sampuli.

Hawatumii vipimo vya kukisia. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 3103 inataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, kwenye chombo cheupe cha kauri. Lengo si kupata chai tamu kuliko zote. Lengo ni kila chai itendewe sawa, ili iliyo mbaya isipate pa kujificha. Mwonjaji hufyonza kijiko kimoja kwa kelele ili chai isambae mdomo mzima na harufu ipande puani, kisha hutema.

Herufi wanazoandika kwenye magunia, kama BP1, PF1, PD na D1, huwachanganya wengi. Zinaeleza ukubwa wa chembe. Chembe ndogo hukolea haraka, kubwa huchukua muda. Chai ya chembe ndogo ikitoka kwenye majani machanga yaliyochumwa vizuri itakuwa nzuri, na ya chembe kubwa ikitoka kwenye majani yaliyokomaa itakuwa hovyo.

Meza ya waonjaji nyumbani

Jambo hili linawezekana jikoni bila gharama. Chukua vikombe viwili au vitatu vyeupe vinavyolingana, kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe, maji yaleyale, dakika zilezile. Usitie maziwa, tangawizi, hiliki wala sukari. Kisha angalia, nusa, onja.

Chai nyeusi nzuri ina chembe zinazolingana, nyeusi au za kahawia iliyoiva, bila vijiti vingi wala nyuzinyuzi. Ikimiminwa hung'aa na kuwa nyekundu yenye dhahabu pembezoni mwa kikombe. Mdomoni huuma kidogo kwenye ufizi, kisha hukuachia mdomo safi. Chai mbaya ni hafifu na ya rangi ya matope, yenye ladha ya karatasi, moshi au uvundo.

Kwa chai ya kijani ya Japani, tafuta majani ya kijani kibichi kilichokolea, yenye kung'aa kidogo, membamba kama sindano. Yakiwa ya manjano au ya kahawia, na si hojicha, yamezeeka au yamehifadhiwa vibaya. Maji yake huwa ya kijani cha manjano, na yanaweza kuwa na ukungu kidogo bila kuwa na kasoro. Harufu ni ya majani mabichi, na kwa mbali mwani wa baharini. Uchungu upo, lakini nyuma yake lazima utamu ufuate. Uchungu usiofuatwa na kitu ni dalili ya chai duni, au ya chai nzuri iliyounguzwa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Sencha hutaka maji ya nyuzijoto 70 hadi 80, na gyokuro chini ya hapo. Ukiimwagia maji yanayotokota, uchungu wote hutoka kwa mara moja, na mtu huishia kutia vijiko vitatu vya sukari ndani ya chai aliyoinunua kwa ajili ya afya.

Ila kando ya Ziwa Victoria kuna sharti la kwanza: maji yachemke kabisa, kisha ndiyo yapozwe. Usiyapashe hadi nyuzi 70 ukaridhika, kwa kuwa homa ya matumbo na kipindupindu havijali umenunua chai ya bei gani. Chemsha, mimina kwenye kikombe kitupu, kisha hamishia kingine. Kila uhamishaji hushusha takriban nyuzi 10. Mara mbili zinatosha kwa sencha. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 tu, na safari ya kuyapoza ni fupi kidogo kuliko Dar es Salaam.

Maji yenyewe ni bahati ya jiji hili. Maji ya ziwa, yanayovutwa kutoka Capri Point na kusafishwa, hayana chumvichumvi nyingi, na maji ya namna hiyo huiacha chai ing'ae. Yakiwa na harufu ya dawa ya kusafishia, yachemshe dakika chache bila kufunika.

Dukani, tumia pua

Chai hunyonya harufu kuliko bidhaa nyingi za jikoni. Majani yanayopimwa kutoka kwenye mfuko ulio wazi, jirani na sabuni za unga upande mmoja na dagaa upande mwingine, yatakuletea vyote viwili nyumbani. Chagua pakiti iliyofungwa vizuri, yenye alama ya ubora ya TBS, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mzalishaji. Chai ya kijani ikiwa kwenye mfuko unaopitisha mwanga, iache hapo hapo: mwanga, hewa na unyevu huimaliza haraka. Ukishaifungua pakiti, hamishia kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na viungo.

Ukiwa na wasiwasi kwamba majani yametiwa rangi, weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi. Chai halisi huachia rangi taratibu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo, usiwape watu wako.

Kikombe cha mtoto

Kuonja chai bila sukari humwonyesha mzazi jambo moja: sukari nyingi mara nyingi ni kiraka cha chai mbaya au iliyopikwa vibaya. Majani yaliyochemshwa nusu saa, au chai iliyokaa kwenye chupa tangu alfajiri, haimezeki bila sukari. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 4 za sukari. Mtoto anayekunywa vikombe viwili vya vijiko vitatu amekwisha kupata gramu 24 kabla ya kwenda shule. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5.

La pili ni damu. Uchungu wa chai, nyeusi au ya kijani, hutoka kwenye viambata vinavyoshikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, hasa yale ya maharage, mchicha, mtama na nafaka nyingine. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yao kubwa katika hilo, na Kanda ya Ziwa inavijua vyote viwili. Lakini chai inayoteremshia kila mlo wa mtoto huongeza mzigo.

Kwa hiyo mtoto mchanga asipewe chai kabisa. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo uji wa lishe, maziwa, matunda na dagaa waliosagwa vina kazi ambayo chai haiwezi kuifanya. Mtoto mkubwa na mtu mzima wasubiri angalau saa moja baada ya kula. Mama mjamzito ameze vidonge vya madini ya chuma kwa maji, si kwa chai, na apunguze vikombe kwa sababu ya kafeini. Matcha, kwa kuwa humezwa na jani lake lote, haimfai mtoto hata ikichanganywa na maziwa na sukari ikaonekana kama kinywaji cha watoto.

La tatu ni joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoweza kusababisha saratani ya koo la chakula. Saratani hiyo ipo kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta watu wakianza kunywa chai yao ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Aliyezoea kumimina sencha kikombe hadi kikombe ameshajifunza dawa yake: subiri dakika chache. Chai ya rangi nayo ipewe subira hiyohiyo.

Na kitambi? Ahadi za matangazo ni kubwa kuliko ushahidi. Utafiti mwingi umekuta chai ya kijani ikipunguza uzito kidogo mno, kiasi kisichomsaidia mtu kiafya. Vidonge vya dondoo kali za chai ya kijani vimewahi kuwadhuru watu ini, hivyo visichukuliwe kuwa ni sawa na kikombe cha chai. Faida moja haina ubishi: chai ya kijani iliyopikwa sawasawa hunyweka bila sukari.

Lakini hata chai ya Mufindi ya bei ya kawaida ina faida hiyo. Jumamosi mchana, mlo ukiwa umepita saa moja, panga vikombe viwili vyeupe mezani na uwaite wakubwa wa nyumba waonje bila sukari, wataje ipi inang'aa na ipi ina uvundo. Pakiti itakayoshinda ndiyo ya kununua mwezi ujao, na kilo ya sukari itadumu siku nyingi zaidi.