Kati ya Wembe na Wigi

Katika shule nyingi za serikali za Karagwe na Kyerwa, nchini Tanzania, msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza hadi amalize kidato cha nne, na akifaulu kuendelea, hadi cha sita. Ni miaka 13. Akitoka kwenye mtihani wa mwisho anaziachia nywele zikue, na zikishaanza kushikika anaelekea saluni ya Kayanga au Omurushaka kuwekwa dawa ya kunyoosha. Nani angemlaumu? Hajawahi kukaa na kipilipili chake hata muhula mmoja akajua kinataka nini.

Hapa London ugomvi unakwenda upande mwingine. Mwanafunzi Ruby Williams alirudishwa nyumbani na shule yake mara kwa mara kwa kuwa afro yake ilionekana kubwa mno. Familia ilidai haki, na mwaka 2020 ikajulikana kwamba amelipwa pauni 8,500 kwa makubaliano nje ya mahakama. Mwaka 2022 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ikazionya shule kwamba kukataza afro, misuko au rasta kunaweza kuwa ubaguzi unaovunja sheria. Binti mweusi wa huku anapigania nywele zilizokwisha kuota.

Kwetu anayeshika mkasi ni mwalimu wa zamu, mweusi kama mimi, na hoja zake si za kudharau: chawa bwenini, maji ya kuchota bondeni, mtoto wa mwenye duka asijione zaidi ya mtoto wa kibarua wa kahawa. Shangazi yangu alifundisha Kyerwa miaka mingi. Aliponiona na afro alinishika mkono kwa huruma: "Mwanangu, huko Ulaya hakuna saluni?" Kwake, nywele zilizofumuka hivi ni za mtu aliyetoka kuugua.

Serikali nayo imewahi kuingia vichwani mwetu. Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, katika Operesheni Vijana, ulipiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi na krimu za kujichubua, eti utamaduni wa kigeni. Miaka 50 baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha Philip Mpango alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Za bandia ziliwekewa ushuru, za asili zinanyolewa shuleni. Sijui msichana abaki na zipi.

Wapenzi wa nywele asilia wa London nao wana kasoro yao: wanapima urefu kwa rula. Bibi zetu wa Kinyambo walikaa na nywele fupi chini ya kitambaa maisha yao yote, na sikumbuki hata mmoja aliyejiona amepungukiwa. Ufupi wao waliuchagua wenyewe. Wa shuleni haukuchaguliwa.

Kinachonichekesha ni uzi. Ule uzi mweusi wa kusukia, unaonyoosha nywele bila moto wala dawa, huku watu wanafundishana kwenye video kama uvumbuzi mpya, na msusi wa Peckham hapa London atakutoza pesa ya kueleweka. Kule Nkwenda, Kyerwa, yupo mama anayeusuka barazani huku anachambua maharage, na wateja wake ni vizee na watoto ambao hawajaanza shule. Wasichana wakubwa wanampita wakienda kwenye dawa.

Ningekuwa mwalimu mkuu huko ningeanza na kidato cha tano na sita. Wengi wao wamefikisha miaka 18. Wanaweza kumpigia kura mbunge wa Kyerwa. Misuko ya twende kilioni iruhusiwe, mtindo mmoja kwa wote ili ile hoja ya usawa isipotee, wasukane wenyewe Jumamosi baada ya kufua. Na yule mama wa Nkwenda aitwe, alipwe, awaonyeshe uzi.