Bei ya Pwani na Mfuko wa Anayeipanga

Mpwa wangu,

Nimeielewa nia yako. Masika yakiingia na wageni wa mlima wakapungua, kazi yako ya ofisini hubaki ya kompyuta tu, nawe unataka kuihamishia pwani kwa miezi mitatu, upumzike huku ukiendelea kulipwa. Tayari unaulizia vyumba Paje na Nungwi, kule Unguja. Pwani sikukatazi. Ninalopinga ni kulinganisha kodi ya chumba hiki na kile kabla hujajiuliza bei za mahali hapo zinapangwa kwa mfuko wa nani.

Tazama hapa Moshi kwetu. Shanty Town na Pasua ni mji mmoja, chini ya mlima mmoja, lakini kodi zake ni mbingu na ardhi. Mwenye nyumba wa Shanty Town anamngoja mgeni wa shirika. Wa Pasua anamngoja mwalimu na muuza duka. Tazama pia Desemba, watu wanapopanda kula Krismasi nyumbani. Nyama, ndizi za mtori, hata bodaboda ya Marangu, vyote hufuata mfuko wa aliyetoka Dar, na mwenyeji ambaye hakusafiri popote hulipa bei hiyo hiyo. Paje na Nungwi huishi Desemba hiyo sehemu kubwa ya mwaka. Bei za vyumba humlenga mgeni mwenye dola, hoteli huwahi pweza na kamba walio bora, na wewe unalipwa kwa shilingi.

Utaniambia kwamba masika bei za Unguja hushuka. Ni kweli, Aprili na Mei hoteli kadhaa hufunga kabisa. Lakini miezi yako mitatu inaingia Juni, msimu unapofunguka, na aliyekupa chumba kwa bei ya mvua hatakosa mteja wa kukuondoa. Juu ya hapo kuna safari ya Dar na nauli ya boti, kwenda na kurudi.

Ndiyo maana naisemea Tanga. Kutoka Moshi ni kilomita kama 350 kwa basi, kupitia Same, Mombo na Korogwe, bila kuvuka maji. Mji ule unakula kwa bandari, saruji, mkonge na biashara yake, kwa hiyo chumba cha Ngamiani na samaki wa soko la Deep Sea bei zake zinamlenga mtu wa mshahara kama wewe. Najua bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima linaishia Chongoleani, na mradi mkubwa huvuta watu wenye posho. Hao hutafuta nyumba zenye uzio na maegesho. Chumba na choo chake ndani, katika barabara zenye namba za Ngamiani, si shabaha yao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kodi ya mkupuo. Wenye nyumba wengi nchini hudai miezi sita au mwaka mzima, na dalali hutaka ya mwezi mmoja juu yake. Kwa mtu wa miezi mitatu, chumba cha bei ndogo kinachodaiwa mwaka ni ghali kuliko gesti inayokupa bei ya mwezi. Uliza muda wa mkataba kabla ya kuuliza kiasi.

Pwani ya Tanga haina mchanga mweupe wa Paje, sitakudanganya. Ukiutaka, Pangani ni kilomita kama 50 kusini, na Ushongo iko ng'ambo ya mto. Lakini hizo ni za Jumamosi na Jumapili, maana siku ya kazi, umeme na mtandao vikikatika, mji mkubwa una pa kukimbilia. Malaria nayo ni hoja nzito. Unguja imeipunguza sana kuliko bara, na mtu aliyekulia migombani huku juu hana mazoea nayo. Beba chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo usitume pesa ya chumba usichokiona. Fikia gesti wiki ya kwanza, tembea Ngamiani na Chumbageni jioni, uliza majirani maji hutoka siku gani na LUKU mnachangia wangapi. Ukishapata, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha unitumie jina la mtaa huo.

Mjomba wako,
Kibosho