Fungu la Mwanafunzi

Mwalimu wa kazi ya mikono hutoa elimu kwa njia mbili: kwa ulimi wake, au kwa ruhusa yake. Wa ulimi humweleza mwanafunzi kila hatua. Wa ruhusa humwacha asimame karibu atazame. Watu humsifu zaidi wa kwanza, maana maneno yake husikika. Wa pili hutoa kwa kimya, na kilichotolewa kwa kimya ni chepesi kusahauliwa. Habari za Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, zaonyesha jinsi ruhusa ya kutazama iwezavyo kuzaa kazi ya maisha mazima.

Sidibé alizaliwa Soloba, kijiji cha Mali, nchi ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Ufaransa na ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Mkono wake ulikuwa na kipawa cha kuchora, na kwa ajili ya kipawa hicho alisomeshwa katika shule ya mafundi mjini Bamako. Mwaka 1955 Mfaransa Gérard Guillat, mwenye duka la picha lililoitwa Photo Service, alimwita aje kulipamba duka lake. Mapambo yalipokwisha kijana hakuondoka. Alipewa kazi ya kupokea fedha za wateja na kuwapelekea picha zao. Hapakuwa na darasa wala ubao. Sidibé mwenyewe alieleza baadaye kwamba alijifunza kwa kumtazama bwana wake akifanya kazi. Waswahili husema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mvukuto wa kijana huyu ulikuwa macho yake.

Mwaka 1956 alipata kamera yake ya kwanza, Brownie Flash, chombo kidogo kisicho na makuu. Hapo kazi ikagawanyika. Guillat alipiga picha katika dansi na karamu za Wazungu. Sidibé alikwenda kwenye arusi za Waafrika, na kwenye sherehe za kuwapa watoto majina. Kwa mizani ya utawala wa siku zile, fungu la bwana lilikuwa kubwa na la mwanafunzi dogo. Lakini fungu lile dogo lilikuwa na milango ambayo bwana hakuwa na njia ya kuifikia. Arusi humtaka mpiga picha ajue ni nani wa kuamkiwa kwanza, mzee yupi akae katikati, na wakati gani kamera ishushwe. Elimu hiyo haikuwamo dukani. Mwanafunzi alikuja nayo kutoka kwao. Alichoongezewa dukani ni namna ya kuutumia mwanga na subira ya chumba cha giza, na viwili hivi vilipokutana na adabu ya nyumbani vilifanya ufundi mmoja.

Kufikia mwaka 1962, Mali ikiwa imekwisha kupata uhuru wake, Sidibé alikuwa na studio yake katika mtaa wa Bagadadji. Usiku alikwenda kwa baiskeli kutoka sherehe moja hata nyingine, kisha akarudi kusafisha picha watu wakiwa wamelala. Siku chache baadaye nakala ndogo, kila moja na namba yake, zilibandikwa kwenye karatasi na kutundikwa studioni, ili waliocheza waje wajitafute na kuchagua. Aliyekuja kupigwa picha peke yake hakuachwa asimame kama mshitakiwa mbele ya hakimu. Sidibé alimpanga, akamchangamsha, na aliyependa kuonekana na pikipiki yake alipigwa nayo. Picha yake ya usiku wa Krismasi wa mwaka 1963, ya kijana na msichana aliye miguu mitupu, vichwa vyao vimekaribiana katika dansi, imejulikana duniani kote. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, naye alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alifariki mwaka 2016.

Sasa sifa igawanywe vipi? Asemaye kwamba Guillat hakutoa kitu, kwa sababu hakufundisha kwa maneno, amdhulumu mwalimu. Asemaye kwamba Sidibé asingekuwa kitu bila Guillat, amdhulumu mwanafunzi. Mwalimu alifungua mlango; mwanafunzi aliingia, akatazama, kisha akatoka kwa mlango mwingine uliomfikisha kwa watu wake. Athari ya mwalimu haipimwi kwa mfanano. Kama Sidibé angaliiga picha za bwana wake, angalikuwa kivuli, na kivuli hutoweka mara mwenye kiwiliwili aondokapo.

Deni la namna hii halilipwi kwa aliyekopesha. Bibi arusi atazamaye picha yake hamjui aliyemfundisha mpiga picha, wala hana haja ya kumjua. Hulipwa kwa kijana asimamaye kando ya fundi, mikono nyuma, akiwa hajaombwa kitu, naye fundi akasogea kidogo ili apate kuona.