Ukifika Kenol, Uliza Jina Lako

Je, waweza kumtaja mamake guka yako? Wengi wetu tuliozaliwa mjini hukwama kwa guka mwenyewe. Basi ikiwa asili yako ni Murang'a, panda matatu Jumamosi moja uelekee Kenol, karibu kilomita 20 kupita Thika.

Hapo barabara hugawanyika. Moja yaelekea Makuyu, Sagana na Nyeri. Nyingine yakata kushoto kwenda Maragua na mji wa Murang'a. Wasafiri wengi hupajua kwa nyama choma tu, lakini jina lenyewe lina funzo. Lilitokana na kituo cha mafuta cha kampuni ya Kenol. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka wa 2019, lakini makanga wangali wanaita "Kenol! Kenol!" Jina huishi kuliko bango.

Naam, anayetafuta asili yake huku huanza na majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama. Kwa hiyo ikiwa guka yako alikuwa mwana wa kwanza, jina lake ni la babu yake. Umepanda vizazi vinne bila kufungua kitabu!

Tatizo ni kwamba akina Kamau na Njoroge ni wengi. Shika basi njia ya kushoto, uende kwa wazee ukiwa na maswali matatu. La kwanza ni muhiriga, yaani mojawapo ya koo zinazoitwa kwa mabinti wa Gikuyu na Mumbi: Ambui kwa Wambui, Anjiru kwa Wanjiru. Masimulizi yasema familia hiyo iliishi Mukurwe wa Nyagathanga, papo hapo Murang'a. La pili ni mbari, watu wa babu mmoja waliomiliki ardhi pamoja. La tatu ni riika, waliotahiriwa pamoja, ambalo aghalabu hupewa jina la tukio la wakati huo. Riika ni kalenda. Hata mzee asiyejua mwaka aweza kukuambia kuwa baba yake alizaliwa wakati wa njaa kuu, nawe utajua ni kati ya 1898 na 1900.

Usishangae ukionyeshwa boma mahali pasipo shamba. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamishia watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vilivyolindwa, kisha ardhi ikapimwa na kugawanywa upya.

Ukirudi Nairobi, ingia Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Uliza majalada ya wilaya ya Fort Hall, kwani hilo ndilo jina la kikoloni la Murang'a.

Tuna bahati kuliko tunavyodhani. Huko Marekani, katika sensa za 1850 na 1860, watumwa wengi mno waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Wajukuu wao hugonga ukuta hapo. Sisi majina tunayo. Uvivu ndio unaotuponza.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Nilipofika kijijini na daftari langu, nyanya, mkewe guka, alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla. Ndugu walinitajia wanaume hadi kizazi cha sita, lakini jina la mamake guka halikukumbukwa na yeyote. Nilikwisha kufunga daftari shangazi yangu, kifungua mimba wa guka, alipotoka jikoni akipangusa mikono.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwani mimi niliitwa kwa nani?"

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili nayo haimngojei mtu, msomaji. Shangazi huyo ana miaka 81. Wako je?