Mlango Mmoja wa Kundi C

Igalula ni kituo kidogo cha Reli ya Kati katika wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Msafiri atokaye pwani hukifikia akiwa amekwisha kuikata nyika ndefu ya miombo, na Tabora haiko mbali tena. Kabla ya reli kuwasili Tabora mwaka 1912, misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Unyanyembe iliivuka nchi hii kwa miguu, wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na mizigo mabegani. Katika nchi ya namna hiyo kila jambo hupimwa kwa mwendo wake, na mpira wa miguu haukuachwa nje ya kipimo hicho.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba. Tangu hapo ubingwa umekaa Dar es Salaam zaidi ya penginepo. Ni kweli kwamba Visiwani KMKM iliutwaa ule wa Muungano mwaka 1984, na Malindi ikautwaa mwaka 1989 na 1992. Lakini timu za bara ya mbali zilikuwa na kazi nyingine kwanza, nayo ni kuupata mlango wa kuingilia.

Mlango huo ulikuwa Ligi Daraja la Kwanza. Kwa kuwa nchi ni pana na nauli ni ghali, kwa miaka kadhaa ligi hiyo iligawanywa makundi matatu, A, B na C. Kundi C ndilo lililozikusanya timu za Tabora, Kigoma, Geita na Mwanza, pamoja na za Arusha. Kwa kawaida kila kundi lilitoa timu moja tu ya kupanda Ligi Kuu. Kwa hiyo majirani waliokuwa wakiuziana mpunga na samaki waligeuzwa wapinzani wa mlango mmoja. Mwaka 2013 Rhino Rangers ya Tabora iliupita. Ikacheza Ligi Kuu msimu mmoja, na mwaka 2014 ikashuka pamoja na Ashanti United na JKT Oljoro.

Kisha ikaja Februari 2016. Siku ya mwisho ya msimu, timu mbili zilikuwa zikiiwania nafasi ile moja, na tofauti ya magoli ilikuwa na uzito wake. Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa magoli 8 kwa 0. Huko Tabora, katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Mwezi wa Aprili Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Soka, TFF, iliamua kwamba matokeo hayo yalipangwa. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro ziliteremshwa hadi Daraja la Pili. Kanembwa, iliyokwisha kushuka, ikapelekwa chini zaidi. Aliyepanda ni Mbao FC ya Mwanza, na mwaka 2017 Mbao ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2 kwa 1.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga, na wengi waliyaishilia hapo mazungumzo. Lakini hukumu ya kamati huwagusa waliocheza na waliopanga. Haimgusi aliyelipa kiingilio. Mpagazi wa zamani alibeba yapata frasila mbili, na juu ya uzani huo hakuna aliyeweza kumdanganya, kwani bega lake ndilo lililokuwa mizani. Mtazamaji hana mizani. Hushangilia goli la saba kwa sauti ile ile aliyolishangilia la kwanza, na miezi miwili baadaye huambiwa kwamba sauti yake ilitumika kufunika biashara ya wengine. Kundi liliwekwa kwa ajili ya kumpunguzia mtu wa mbali urefu wa njia. Hao waliompokonya njia yenyewe walikuwa wa kwao.

Makundi yalikwisha mwaka 2021, Daraja la Kwanza lilipokuwa ligi moja ya timu 16 iitwayo Championship. Mwaka 2023 Tabora ilirudi Ligi Kuu, ila kwa timu iliyozaliwa Kilimanjaro, Kitayosce, iliyobadilishwa jina ikawa Tabora United. Novemba 2024 timu hiyo iliifunga Yanga 3 kwa 1. Mwaka 2025 jina likabadilishwa tena, likawa TRA United, na neno Tabora likaondoka.

Jina laweza kununuliwa na kuuzwa, na timu yaweza kuhamishwa kwa barua moja. Imani ya mtazamaji haihamishiki hivyo. Hiyo hutembea kwa miguu, kama msafara, na ikisharudi nyuma mara moja huhitaji misimu mingi kufika tena ilipokuwa.